Nililifungia Kabatini Tangi la Maji ya Moto

Admin, ficha jina langu na mtaa wangu, maana hapa Kasongo hata mbuzi wananijua. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tano, nina watoto sita, na ndoa yangu ina miaka ishirini na nne. Miaka miwili iliyopita bwana wangu alioa mke wa pili kutoka Kabambare. Msichana mpole, hana maneno mengi. Angekuwa jirani ningempenda. Lakini aliletwa ndani ya nyumba yangu, tukawa tunapika jiko moja.

Nyumba yetu ni ya zamani. Waliokaa kabla yetu waliacha jikoni tangi kubwa la chuma, limejengewa ukutani. Moto wake unawashwa kwa kuni upande wa nje, nasi tunachota maji ya moto ndani, kwenye bomba. Haling'oki, labda ubomoe ukuta. Basi mwaka jana bwana alipotaka kututengenezea makabati ya jikoni, ilibidi yapimwe kulizunguka tangi hilo. Akamwambia seremala mbele yetu sote, "Bibi mukubwa kushoto, bibi mudogo kuume. Tangi iko ya nyumba, ikae wazi katikati, kila mutu achote." Kisha akapanda pikipiki, akaenda Lusangi kuwauzia bidhaa wachimba madini. Huko huwa anakaa hata miezi mitatu.

Alipoondoka tu, nikambadilishia fundi maneno. Nilimwambia alizibe tangi lote, upande wangu aweke mlango wa kufuli, upande wa mwenzangu apigilie mbao tupu mpaka juu. Fundi akaacha kupima. "Mama, bwana alisema ikae wazi. Na bibi mudogo iko na mimba, atatoa maji wapi?"

Nikamuuliza, "Fundi, kazi yako iko mbao ao iko mimba?"

Akarudia kupima. Aliacha nafasi ya vidole vinne kati ya mbao na chuma ili joto lisipasue mbao, akapigilia, akamaliza. Kazi nzuri kabisa, sina la kumlaumu. Ufunguo nikaufunga kwenye ncha ya kikwembe nilichojifunga kiunoni. Mwenzangu aliporudi kutoka sokoni alisimama mbele ya zile mbao, akaweka vitunguu vyake, akatoka. Nikacheka peke yangu. Nilijisemea maji ya moto hayachomi nyumba, anune tu, atazoea.

Alijifungua mtoto wa kike. Mnajua kwetu mzazi anakandwa kwa maji ya moto siku arobaini, na anayemkanda ni mama yake. Yule bibi, mama wa mwenzangu, alitoka Kabambare kwa pikipiki, siku mbili za matope, kwa kazi hiyo tu. Kila asubuhi alinijia na ndoo, "Mama, tunaomba maji ya muzazi." Nilimwambia apite mlango wa mbele kama wageni wengine. Siku nyingine nilimchotea ya vuguvugu, nikasema kuni zimelowa. Nilikuwa naongopa. Nilitaka binti yake akione cha mtema kuni, na nilifurahi, siwafichi.

Siku ya tisa nilikuwa na wageni sebuleni. Bibi akaingia na ndoo yake, akaomba. Nikasema kwa sauti, "Kumbe ku Kabambare munaogaka maji ya moto? Tangu siku gani?" Wageni wakacheka. Naye alicheka kidogo, kwa adabu, akarudi na ndoo tupu.

Hakuniomba tena. Alianza kuchemsha maji uani, kwenye mafiga matatu, chini ya bati, na ulikuwa msimu wa mvua. Siku ya kumi na nne aliteleza kwenye ngazi akiwa na sufuria. Maji yote yalimwagikia miguuni. Mimi nilikuwa jikoni nafuta makabati yangu. Nilisikia sufuria, kisha nikamsikia yeye. Tangi lilikuwa limejaa na lina moto, nilikuwa nimeligusa muda mfupi kabla.

Bwana alirudi. Akamuuliza mkwewe, naye akajibu, "Niliteleza, baba. Mvua ilinyesha."  Bwana akaziona zile mbao, akaniuliza, nikasema fundi hakuelewa. Akaniamini. Siku hiyohiyo alikata mlango upande wa pili kwa mkono wake. Bibi akaomba arudishwe kwao, akabebwa kwa pikipiki, miguu imefungwa vitambaa. Sasa huu ni mwezi wa tano tangu aungue na vidonda havijafunga. Shamba lake limeota majani.

Mimi silali. Wiki iliyopita nilimfuata mwenzangu chumbani, nikamwambia nimeamua kumweleza bwana ukweli wote. Nilidhani atafurahi, au atanitukana. Alikuwa ananyonyesha, hata hakuinua kichwa.

"Usimuambie, dada. Ukimuambia atakufukuza, utaenda kwenu, utalia wiki moja, kisha utalala usingizi. Mimi sitaki ulale. Kaa hapa. Kila asubuhi uchote maji uniletee, niangalie mikono yako."

Nikamuuliza mpaka lini. Akasema, "Mpaka mama yangu atembee."

Sasa namchotea kila asubuhi. Bwana anatuona, anawaambia watu msikitini kwamba wake zake wanapendana kama ndugu. Naye mwenzangu anapokea ndoo, anatia kidole majini, anasema ahsante dada. Jana walipiga simu kutoka Kabambare, wakasema mguu mmoja umeanza kuwa mweusi.

Nitukaneni kwanza, ni haki yenu. Mkimaliza, niambieni: nimwambie bwana anifukuze, au niendelee kuchota?