Kamera Mbili Nyumbani kwa Bi Harusi

Asubuhi ile nilitoka chumbani kwangu Mkunazini bila kujua ninaelekea wapi. Si ajabu kwangu. Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu dirisha la darasa lilikuwa na mambo mengi kuliko ubao, na tangu hapo sijashika kazi moja mwaka mzima. Nimeuza mitumba Darajani, nimepika chai kwenye kibanda cha wakulima wa mwani Matemwe, nimechora hina na piko jeusi mikono ya wageni na ya maharusi. Hina ndiyo iliyonizoesha vyumba vya ndani, na huko ndani ndiko nilikopata hamu ya kamera. Kila harusi nilikuta kinamama wananung'unika jambo lilelile: wapiga picha wanawake hawapatikani, na mwanamme haingii.

Miguu ikanipeleka kulekule ilikonipeleka wiki nzima, kwenye kiduka cha mpiga picha mmoja, kichochoro cha nyuma ya Darajani. Alikuwa anaiacha kazi, anataka kwenda bara kufuga kuku, na alikuwa na kamera mbili za kuuza. Fedha yangu ilitosha moja. Zote mbili ni za hizi za siku hizi, zisizo na kile kioo kidogo kinachoruka ndani kila ukibonyeza; ndiyo maana ni nyembamba, na ukichungulia unaiona picha kama itakavyotoka, ikiwa giza ni giza, ikiwa nuru ni nuru.

Moja ilikuwa kuukuu. Kona zake zimechubuka, maandishi ya vitufe yamefutika, na katika mwanga mdogo lenzi yake huenda mbele na kurudi nyuma kama mtu anayetafuta viatu vyake msikitini. Lakini ilinikaa mkononi, na kila nilichotaka kubadilisha nilikizungusha kwa kidole bila kuingia kwenye orodha za skrini. Nyingine ilikuwa mpya, nyeusi, nzito kidogo. Hiyo ilikuwa inalifuata jicho la mtu hata akigeuka, na katika chumba cha giza iliona kuliko mimi. Na ilikuwa na jambo moja zaidi. Siku ya kwanza mwenyewe aliniambia nimpige paka aliyelala mlangoni. Kabla sijaishusha kamera, simu yake ikatetemeka juu ya kaunta, na paka yumo ndani ya simu. Nilicheka kama mtoto. Nikampiga paka yule mpaka akakimbia.

Hata hivyo sikuamua. Mpya inapendeza, kuukuu inanijua. Wiki nzima nilikuwa nikizishika hii na hii, na yeye alishachoka.

"Leo ndiyo leo, bibie," akaniambia asubuhi ile kabla sijakaa. "Kuna mtu wa Mwanakwerekwe anakuja baada ya magharibi. Utakayoiacha, anaichukua. Ukisuasua anabeba zote."

Nilikuwa bado nazipima mikononi simu yake ilipoita. Alisikiliza, akafunga macho, akasema sawa, sawa. Kisha akanieleza: ana harusi Kizimkazi, yeye anapiga upande wa wanaume, na mwanamke aliyepatana naye apige ndani ameamka na homa.

"Njoo upige wewe. Chukua zote mbili. Kamera haijaribiwi dukani."

Sikuwa hata nimekunywa chai. Nikapanda gari yake na buibui nililolivaa, kamera moja kila paja, na yeye akabeba lile jikamera lake la zamani lenye kioo, ambalo haliuzi. Njia nzima nilizibonyeza na kuuliza maswali. Tulipopita Tunguu akaniambia ningerudi shule ningewamaliza walimu. Nikamwambia walimalizika zamani, ndiyo maana niliondoka.

Nyumba ya harusi ilikuwa na milango miwili. Wa mbele, penye baraza na turubai, ni wa wanaume. Wa uani ni wa wanawake, na hapo alisimama somo wa bi harusi, mwanamke aliyemfunda tangu alipovunja ungo. Mtu mzima, mrefu, ana kikapu cha ukili mkononi kimejaa simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mpiga picha?"

"Naam."

"Simu."

Nikampa. Akaitumbukiza kikapuni, kisha akazitazama kamera shingoni mwangu, moja baada ya nyingine.

"Na hizo hazina simu ndani?"

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakacheka, na mimi nikacheka nao. "Hapana, bibi. Hizi kamera tu."

Yeye hakucheka. Akanivuta pembeni, akanieleza kwa sauti ya chini. Bi harusi hakutaka picha kabisa. Kwenye harusi ya dadake, mtu alimpiga dada huyo kwa simu akiwa kichwa wazi amepambwa, na picha ile ikatembea mpaka kwa wauza samaki. Mumewe aliulizwa na wavulana kama anamjua mwanamke huyu. Mpaka leo dada mtu hapiti pwani. Bi harusi huyu amekubali jana tu, kwa sababu somo wake amemwapia kwamba sura yake haitatoka kwa wanawake.

"Nimeapa mimi," akasema. "Sikuapa kwa niaba ya kamera yako. Kwa hiyo nakuuliza tena."

Nikamjibu tena vilevile. Na nilikuwa naamini.

Ndani kulikuwa na moshi wa udi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya wanaume wa nje, na taa moja. Nikaanza na kuukuu. Lenzi ikahangaika, mbele, nyuma, na shangazi aliyekuwa akicheza akatoka kama ukungu wenye bangili. Nikashika mpya. Ile haikuhangaika. Ilishika macho ya watu gizani, ikatoa rangi ya kanga kama ilivyo, hata jasho juu ya mdomo wa mchezaji. Bi harusi alikuwa ameketi kitandani, nywele zimeachiwa, kikuba cha asumini shingoni, mikono ina piko ambalo hata mimi nililionea wivu. Mwanzo aliinamisha uso kila nikiinua kamera. Halafu shoga zake wakamtania kuhusu bwana harusi, kwamba anaogopa maji ingawa ni mtu wa pwani, na akacheka, na nikabonyeza katikati ya kicheko. Nikamwonyesha. Akaitazama muda mrefu.

"Huyu mimi?" akauliza.

Hapo nilijua kamera yangu ni ipi. Nilikwisha kuinunua kichwani.

Nje wanaume wakarudi kutoka msikitini. Nikasikia viti, salamu, birika likigongana na vikombe. Ukuta tu ulitutenga na ile baraza. Nikainua kamera tena, na pembeni mwa skrini nikaona kitu ambacho hakikuwapo: kijipicha cha simu, na kijishale kinachopepesa. Mimi siwezi kuona alama bila kuuliza ya nini. Nikaitazama. Kishale kikapepesa, kikapumzika, kikapepesa tena.

Kisha nikamkumbuka paka.

Mwenye kamera alikuwa msikitini, mbali. Sasa yuko barazani, na simu yake iko naye. Kamera ilikuwa bado inamjua bwana wake, na tangu aliposogea ilikuwa inampelekea kila nilichopiga, moja baada ya nyingine, kimya. Nikaizima. Nikatoa betri kabisa. Kwa haraka betri ikaniponyoka ikaanguka chini ya kitanda, na bi harusi akaniuliza kama ninaumwa.

Ningeweza kunyamaza. Lakini ningenyamaza halafu nifanye nini? Simu iko upande ambao siwezi kuingia. Nikamfuata somo mlangoni, nikamwambia sikioni, kwa maneno machache niliyoyapata: picha zimekwenda nje, ziko kwenye simu ya mpiga picha, sikujua.

Nilitarajia kofi. Akaniuliza tu.

"Yuko wapi?"

Ukumbini kulikuwa na mlango wa kuendea barazani, umefungwa pazia. Tukachungulia pembeni yake. Niliiona simu kabla sijamwona mwenyewe. Haikuwa mkononi mwake. Ilikuwa mkononi mwa baba wa bwana harusi, mzee wa kanzu na miwani, ameisogeza karibu na uso, na wazee wenzake wawili wamemwinamia mabegani. Mpiga picha alikuwa amerekodi nikaha kwa simu, na sasa wanaitazama. Nilisikia sauti ya kadhi ikitoka mle ndani, nyembamba. Kidole cha mzee kilikuwa juu ya kioo. Kidole kimoja kikiteleza, mwana wa watu atakuwa mbele yao kichwa wazi, anacheka.

Somo akajitanda kanga vizuri. Hakutoka, akaita kwa nyuma ya pazia, sauti tulivu ya mtu anayeagiza chumvi.

"Mpiga picha. Njoo na simu yako."

Mzee hakuirudisha mara moja. Alisema kwanza amalizie, mwanawe anakaribia kuitikia. Wale wenzake wakamtania kwamba alikuwapo kule msikitini, au alisinzia. Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika pazia, na somo akanishika mkono nisilivute. Kadhi akauliza, bwana harusi akaitikia, mzee akaguna kwa furaha na kuitoa simu.

Mpiga picha akaja mpaka pazia. "Naam, bi mkubwa."

"Umeitazama?"

"Nini?"

Akashusha macho kwenye simu. Niliuona uso wake ukibadilika. Hapohapo akaibana simu kifuani, kioo ndani, akageukia ukuta.

"Wallahi sikukumbuka," akasema. "Nimeona ukingo wa picha tu, sikutazama. Chukueni."

Akaipitisha chini ya pazia bila kugeuka. Nikakaa sakafuni na somo akachuchumaa ubavuni pangu. Nikazifuta mbele ya macho yake: kinamama wakicheza, shingo na kikuba, mikono ya piko, kicheko. Nikamweleza kwamba picha ikifutwa huwa haijaondoka, inakaa jaani kwanza, nikaingia huko pia nikapasafisha. Akataka nimwonyeshe tena, nikamwonyesha.

"Zimekwenda kwengine?" akamwuliza mtu wa nyuma ya pazia.

"Haziwezi, bi mkubwa. Kutoka kamera kuja huku hazitaki intaneti, kwenda kwengine zinataka. Sina bando. Limekwisha tangu juzi."

"Alhamdulillahi kwa umasikini wako," akasema somo.

Nilidhani yameisha. Kumbe alikuwa ananirudisha chumbani. Akawatoa shoga wote, akafunga mlango, akamweleza bi harusi kila kitu, na hakunifichia wala hakunizidishia. Wao wawili wakaendelea kwa Kimakunduchi chao cha kusini, haraka, sikushika neno. Bi harusi alikuwa amejifunika kanga mpaka puani. Ikiwa atasema basi, hakuna picha tena, na ile moja aliyoitazama kwa muda mrefu ifutwe na ndani ya kamera, nilikuwa tayari kuifuta. Hatimaye akanigeukia.

"Hiyo nyengine nayo inasema?"

Nikamwekea kuukuu mapajani. Nikamfungulia orodha zake zote, nikamwambia aangalie mwenyewe. "Haijui kusema. Haijui hata saa; inadhani leo ni mwaka mwengine kabisa."

Akaigeuza, akafungua mlango wa kadi ya picha, akaufunga.

"Basi nipige kwa hiyo. Na ile ya kicheko usiifute."

Nikaihamisha ile kadi kutoka kamera mpya kwenda kuukuu, nikafungua ubao mmoja wa dirisha la uani ipatikane nuru, nikamsogeza bi harusi hapo. Ilibidi nimwombe atulie, nizuie pumzi, nisubiri lenzi imalize kutafuta viatu vyake. Nilikosa nyingi. Bwana harusi alipoingizwa kumshika mkono, niliwahi mara mbili tu, na moja ina bega la mtu.

Alasiri mpiga picha aliniita garini. Alikuwa amekwisha kupata ulimi wake. Akanionyesha namna ya kuikatisha kamera mpya isiijue simu yoyote: vitufe viwili, imekwisha.

"Umeona? Kosa la simu yangu, si la kamera. Hii ndiyo yako. Unaijua, na mimi naijua."

Alikuwa anasema kweli. Nimepiga picha za kutosha tangu siku hiyo kujua kwamba alikuwa anasema kweli.

"Nachukua kuukuu," nikasema.

"Kwa ajili ya bibi mmoja?"

"Kesho nitasimama kwenye mlango mwengine na nitaulizwa. Nataka niweze kujibu."

Akatikisa kichwa, tukamalizana. Nikafungua mlango wa gari nipande, na somo alikuwa amesimama nyuma yangu, kikapu chake sasa kitupu, isipokuwa simu yangu.

"Kadi haitoki Kizimkazi," akasema. "Bi harusi anaingia fungate. Akitoka, atazitazama zote, atakazozitaka zitabaki, nyengine utazifuta mbele yake."

Nikamwambia sina nguo, sina mswaki, sina mtu hapa.

"Una chumba. Mimi nalala kwa bi harusi, kwangu hakuna mtu. Mwenye kadi akae ilipo kadi yake."

Mpiga picha alicheka, mara ya kwanza tangu adhuhuri, akawasha gari. Kamera mpya ilikuwa kwenye kiti nilichokalia mimi asubuhi.

Nyumba ya somo ilikuwa nyuma ya minazi, ukuta wa mawe, mlango usio na kufuli. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, kanga mbili zilizokunjwa, na dirisha dogo linalotazama kisima. Akanionyesha ndoo, akanionyesha mihogo jikoni. Kisha akanyoosha mkono. Nikaitoa kadi kwenye kamera nikampa. Akaifunga kwenye pindo la kanga yake, fundo mara mbili, akanirudishia simu yangu, akaenda zake kwa bi harusi.

Nikakaa kitandani. Nikaiwasha kamera, ikaandika kwamba haina kadi. Dirishani mwanamke alikuwa anateka maji, ananichungulia mgeni. Nikachungulia na mimi kupitia kamera, mkono ukizungusha vitufe visivyo na maandishi, nikiutafuta uso wake.