Hita ya Hema la Baba

Baba alipokuja kuishi nami Troyeville, mama alikuwa amefariki miezi minane kabla, na mimi nilikuwa sijamwona baba kwa miaka kumi na minne. Nilimpokea kituo cha mabasi mwezi wa sita, wakati asubuhi ya Johannesburg inauma masikio. Alikuwa amevaa suti aliyoshonewa kwa harusi ya mdogo wangu, na miguuni makobazi. Nilivua koti langu nikamvika pale pale, mbele za watu. Mikono ya koti ilimwishia karibu na viwiko. Alicheka kidogo, kisha akanitazama usoni muda mrefu, kama mtu anayetafuta nyumba aliyoelekezwa vibaya.

Maisha yake yote alikuwa mvuvi wa Kalemie. Alivua ndagala na mikebuka katika Ziwa Tanganyika tangu sijazaliwa, mpaka magoti yalipomkatalia kupanda mtumbwi. Mimi ninasuka nywele katika saluni iliyo mtaa wa tatu kutoka nyumbani. Asubuhi nilimwacha ameketi dirishani na blanketi mabegani, na jioni nilimkuta pale pale, chai imepoa kikombeni. Dirisha lile linatazama ukuta wa ghorofa la jirani.

Siku moja aliniuliza, "Mji mkubwa hivi, mto wake uko wapi?"

"Hauna mto, papa. Kuna vijito tu."

"Sasa watu walikuja kufanya nini hapa?"

"Walifuata dhahabu."

Akageukia tena dirisha. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeomba Mungu anikutanishe naye, na sasa amekaa sebuleni kwangu, hatua nne kutoka jikoni, na bado nilikuwa na hamu naye. Tulizungumza habari za chakula, habari za baridi, habari za dawa yake ya presha. Habari za mama hatukuzigusa. Sikuwa nimeweza kwenda kumzika. Karatasi zangu za ukimbizi hazikuniruhusu kutoka na kurudi, na nilikuwa na hofu kwamba baba ananidai jibu kwa hilo.

Aliyemwokoa ni jirani yetu wa chini, mzee wa Kizulu aliyestaafu kazi ya mgodi. Nilimwita mkhulu, yaani babu. Kila Jumamosi alfajiri alipakia fimbo zake za kuvulia na hema dogo katika bakkie, yaani pikapu yake kuukuu, akaenda bwawani kusini mwa jiji. Baba alimwona akipakia, akashuka ngazi kwa makobazi yake na soksi, akaishika fimbo moja, akaipima mkononi. Hawakuwa na lugha moja. Mkhulu alisema Kizulu na Kiingereza, baba Kiswahili na Kifaransa cha kuokoteza. Neno walilokuwa nalo wote wawili ni "baba". Basi waliitana baba, na wakaondoka pamoja.

Jioni ile alirudi amechangamka kuliko nilivyomwona tangu afike.

"Wanatega kwa bukari!" aliniambia. Bukari ni ugali wetu. "Mzee anafinyanga bukari, anautia manukato kama ya keki, anatia kwenye ndoana. Samaki gani wa kula bukari? Na kweli wanakuja!"

Lakini alirudi pia na kikohozi. Jumamosi ya tatu kifua kilimbana hata nikampeleka kliniki. Muuguzi alimsikiliza mapafu, akaniambia mzee huyu hatakiwi kukaa baridini. Tulipotoka nje, baba alisema taratibu, bila kunitazama, "Usininyime kule, mama." Kwetu baba humwita bintiye mama. Nikajua kwamba nikimzuia atarudi dirishani, na dirisha lile litamuua kabla ya kikohozi.

Nikaamua kutafuta hita ya gesi ya kuweka ndani ya hema.

Hapo ndipo iliponibidi nimkumbuke rafiki yangu. Mwaka wangu wa kwanza katika nchi hii nilipanga chumba cha uani huko Alexandra pamoja na dada mmoja wa Bukavu. Alikuwa na sauti ya pekee kanisani. Akianza wimbo, hata watoto walioshinda wakilia walinyamaza. Jumapili moja mchana, baada ya ibada, mvua ya baridi ilinyesha. Tulikuwa tumewasha makaa nje katika jiko la bati lililotobolewa matundu, lile tunaloliita mbabula, na Wazulu nao wanaliita karibu vivyo hivyo. Tuliliingiza ndani, tukafunga mlango, tukaziba upenyo wa chini kwa taulo. Rafiki yangu alijilaza. Mimi nilikwenda dukani, kwenye spaza ya kona, kununua mkate, nikakutana na mtu wa kwetu, tukapiga soga.

Niliporudi nilimkuta amelala chali, uso umetulia, na haamki. Nilimburuta kwa makwapa hadi uani, mvua ikimpiga. Aliishi. Lakini aliporudi kutoka hospitali aliniuliza jina langu, na kesho yake akaniuliza tena. Kanisani alisimama kuanza wimbo, ubeti wa kwanza ukatoka, wa pili ukampotea, akabaki kasimama mdomo wazi mbele ya kusanyiko lote. Ndugu zake walikuja kumchukua. Mpaka leo nikisikia wimbo ule ukianzwa na mtu mwingine, natoka nje kwanza.

Kwa hiyo nilipoingia katika duka la vifaa vya kambi na uvuvi kule Midrand, siku yangu ya mapumziko, nilitazama kwanza kama mlango umebaki wazi nyuma yangu. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, mikono yake imekauka kama ya mtu anayeshinda majini. Alinionyesha hita tatu zilizopangwa sakafuni.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya magurudumu, mtungi wa gesi unaingia mgongoni mwake. "Hii ni ya sebuleni. Bwawani itakuvunja mgongo," alisema. Ya pili ilikuwa sahani ya chuma tu, inayofungwa juu ya mtungi. Nyepesi, rahisi, na iliwaka vizuri sana aliponiwashia. Nilivutiwa nayo.

"Hema lina ukubwa gani?" akauliza.

"Watu wawili."

"Na nani atakuwa ndani?"

"Baba yangu."

Akaizima papo hapo. "Basi hapana. Hii ni ya kuota moto nje, watu wakiwa wamesimama. Ikianguka, inaendelea kuwaka. Hewa ikiisha, inaendelea kuwaka."

Ya tatu ilikuwa ndogo, pana chini, ina mpini wa kubebea na wavu mbele ya moto. Aliiwasha, akaisukuma kwa kidole cha mguu. Ilipoinama tu, ikazimika. Kisha akanionyesha mwali mdogo wa samawati pembeni. Alisema huo ndio mlinzi wake: hewa safi ikipungua, mwali huo unashindwa, na gesi inajifunga yenyewe.

"Sisi tuko juu sana hapa, hewa yetu ni nyembamba," akaongeza. "Mara nyingine itazimika kabla ya wakati. Usikasirike nayo. Na usiitegemee peke yake. Fungua hema chini na juu, upana wa kiganja. Na hakuna mtu kulala nayo ikiwaka. Hakuna hita ya gesi ya kulala nayo."

"Hata hii?"

"Hata hii, dada yangu."

Nikamwuliza kama yeye mwenyewe anaitumia. Akasema alikuwa akienda kuvua na mumewe, na sasa anakwenda peke yake, na hita ni hiyo hiyo. Nilichagua ya tatu, na mtungi mdogo wa kuongezea, nikaibeba kwenye teksi nimeipakata.

Nyumbani niliiwasha uani. Baba aliizunguka mara mbili. "Haina moshi," alisema kwa mashaka. Nilimfundisha jinsi ya kuiwasha, jinsi ya kuizima, upana wa kiganja chini na juu, kutolala. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena.

"Mama, mimi nimevuka ziwa katika dhoruba."

"Rudia, papa."

Akarudia, kama mtoto wa shule, na nadhani alifurahi kwamba kuna mtu anamgombeza.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nao. Nilitaka kuiona ikiwaka kwa macho yangu. Tulifika jua linachomoza, majani yote meupe kwa jalidi. Mkhulu alikuwa anasimamisha hema, mimi nasaidia kamba, tukamsikia baba anapiga kelele ukingoni. Nilikimbia nikidhani ameanguka. Alikuwa amechutama, ameinua kipande cha barafu kilichoganda pembezoni mwa maji, chembamba kama kioo cha dirisha, kikubwa kama sinia. Alikishika kwa mikono yote miwili.

"Maji yameganda! Mama, ona! Ziwa limeota ngozi!"

Mkhulu akacheka mpaka akakohoa. Baba alinitaka nimpige picha upesi. Nilimpiga, na maji yalikuwa yakimchuruzika ndani ya mikono ya koti, wala hakujali. "Kalemie hawatakubali," alikuwa akisema. "Watasema nimetengeneza."

Vidole vilipomfa ganzi nilimwingiza hemani, nikawasha hita. Mkhulu alibaki nje na fimbo, kofia ya sufu imemfunika hadi nyusi. Joto lilikuja taratibu, likatupanda magotini, likafika usoni. Baba alinyoosha mikono mbele ya wavu. Nikaona mabega yake yanashuka, yale mabega aliyokuwa ameyabana tangu siku ya kituo cha mabasi. Na bila kuulizwa, akaanza.

"Mama yako alikuwa anakukaushia mikebuka."

Nikamgeukia.

"Kila msimu. Anachagua wazuri, anakausha, anafunga katika gazeti. Hakuna mtu wa kuwaleta huku. Wanakaa mpaka wanaharibika, anawatupa. Msimu ukija, anakausha wengine. Nilimwambia, mama, acha, huyu hatarudi leo wala kesho. Akanijibu, siku akija kwa ghafla atakula nini?"

"Alinikasirikia mwishoni, papa? Kwa kutokuja?"

"Mwishoni alikuwa anauliza kama huku kuna baridi. Hicho tu. Anauliza, mtoto ana koti?"

Nililia, na yeye akanishika kisogo kwa mkono ule mgumu, wenye joto la hita. Alinieleza siku ya mazishi kutoka asubuhi hadi jioni: nani aliimba, nani alibeba, mvua iliyokuja na kupita. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Ghafla hita ikalia tak! Moto ukafa.

Nilitazama mlango. Zipu ilikuwa imefungwa hadi chini. Baba alikuwa ameifunga kwa sababu upepo ulimpiga mgongoni, na mimi niliyemwambia arudie masharti mara tatu sikuona. Niliifungua, nikamshika kwa koti nikamsukuma nje hata akapiga magoti kwenye jalidi.

"Imechoka tu!" alisema. "Mama, nini? Imechoka tu!"

"Haikuchoka!" Nilikuwa napiga mayowe. Mkhulu aliacha fimbo akaja. Pale pale, nikiwa nimekaa chini, nilimweleza baba habari za rafiki yangu wa Bukavu, tangu taulo la chini ya mlango hadi ubeti uliompotea. Sikuwahi kumwambia mtu wa nyumbani. Kwenye simu siku zote nilisema huku ni salama.

Baba alisikiliza yote. Kisha akasema, "Ulibeba hayo peke yako?" Akaenda mwenyewe kufungua hema, chini na juu, akapima kwa kiganja chake, akaniita nije nihakikishe.

Mchana kengele iliyofungwa kwenye fimbo ililia. Mkhulu alipaza sauti, "Baba! Baba!" na baba akakimbia kwa magoti yale yale yaliyomkataza mtumbwi. Alimvuta taratibu, akimwachia na kumrudisha, mpaka akamtoa samaki mnene wa magamba makubwa, ambaye wenyeji wanamwita kapi. Nilimpika jioni kwa mawese na nyanya, na mkhulu akaja kula. Baba alitafuna matonge mawili, akaweka mkono chini.

"Ana ladha ya tope," alisema. Kisha, kwa upole sana, "Mama, mimi nitarudi nyumbani."

Sikubishana naye. Nilijua tangu alipoanza kusimulia mazishi. Alikaa mpaka baridi ilipoisha, na kila Jumamosi alikwenda bwawani na hita yake, na kila nilipomwuliza alinionyesha kiganja kuthibitisha upana wa zipu. Jioni tulizungumza habari za mama. Ndiyo miezi niliyokuwa naye kweli. Mwezi wa tisa nilimsindikiza kwenye basi la Lubumbashi, amevaa koti la saizi yake, picha ya barafu iko ndani ya simu yake.

Jumamosi baada ya safari yake nilisikia mlango unabishwa alfajiri. Alikuwa mkhulu, ana vyombo vyake vya kuvulia mkononi. Alifungua mdomo kumwita baba, akakumbuka, akavua kofia.

"Amefika?" akauliza kwa Kiingereza.

"Bado. Alipiga simu jana, yuko Zambia."

Tulisimama pale mlangoni, hakuna aliyetaka kuufunga. Kisha akasema saa moja inatosha kwangu kujitayarisha, yeye atasubiri garini. Nilimwambia dakika kumi zinatosha, nikaingia ndani kutafuta soksi.