Wifi Yangu na Mtu Asiyesikia

Wifi yangu ana ugonjwa usio na hospitali: hawezi kuona mtu amefanya jambo akaliacha lipite. Ukivunja sahani, atakuuliza umevunja kwa nini. Ukimjibu imeteleza, atataka kujua kwa nini sahani zako huteleza siku mama mkwe akiwepo tu. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, anasema ndivyo alivyozaliwa. Baba yao akimchapa kwa kuuliza sana, yeye anafuta machozi na kuuliza, "Na wewe baba, walikuchapa?" Kiwandani wamempa jina la Mama Kwanini. Mimi kwa uwifi wangu nina haki ya kumwita mabaya zaidi, na huwa naitumia.

Utani kando, ni mwanamke ninayemhusudu. Alifundisha saikolojia chuo cha ualimu miaka mingi, kisha kiwanda chetu cha nguo kilipotafuta mshauri wa wafanyakazi akaja huku kwenye vumbi la pamba. Walimpa chumba kilichokuwa stoo ya nyuzi: viti viwili, meza inayoyumba, dirisha linalotazama uwanja wa malori. Nilikasirika kwa niaba yake. Yeye akasema panamfaa, maana mtu akiona haya kusema atakuwa na malori ya kutazama.

Siku moja wakati wa chakula nilimchokoza. "Haya msomi, elimu yako inasemaje? Kwa nini mimi kazini nawahi, kwenye vikao vya ukoo nachelewa?"

"Inategemea umemuuliza nani," akasema. "Kuna wataalamu watakwambia ni tuzo na adhabu tu. Kazini ukichelewa unakatwa mshahara, ukoo wanakuwekea chakula. Wengine watachimba utoto wako. Labda kuna shangazi aliyekuwa anakufinya na hadi leo miguu inamkwepa, wewe hujui."

"Yupo kweli!"

"Unaona? Lakini usishangilie haraka. Mwingine atasema tuache shangazi, tuulize unawaza nini ukiwa njiani. Mwingine atapima damu na usingizi wako. Mwingine hatakuangalia wewe kabisa, atauangalia ukoo: kama wote wanachelewa, nani awe mjinga awahi apange viti? Halafu wapo wanaoamini mtu akiheshimiwa na kupewa nafasi atachagua mema mwenyewe."

"Na wewe uko kundi gani?"

"Mimi namsikiliza mtu kwanza, kundi baadaye."

Nikamwambia hilo ni jibu la mwanasiasa. Akacheka hadi chai ikammwagikia, jambo ambalo halihitaji utafiti, kwa sababu wifi hajawahi kumaliza kikombe bila kujimwagia.

Sasa nimlete Grisi. Huyu alikuwa fundi wa mitambo katika ukumbi wetu wa kufumia, mtu mzima, mpole, mikono haiishi mafuta. Mtambo ukikohoa, Grisi anauwekea kiganja tu na kujua unaumwa wapi. Tulikaa naye kwa amani mpaka alipoletwa msimamizi mpya wa zamu kutoka kiwanda kingine. Huyo tulimwita Masharubu, na ungemwona usingeuliza sababu. Yalikuwa yameshuka kama pazia, ukimwona anakula supu unamwonea huruma.

Masharubu na Grisi hawakupatana tangu mwanzo. Masharubu akitoa amri, Grisi anatabasamu, anatikisa kichwa kukubali, kisha anafanya lake. Sisi wengine tukimwambia jambo analifanya papo hapo. Kwa hiyo dharau ilikuwa wazi, au ndivyo tulivyoiona. Akapewa onyo, akapewa jingine. Kisha siku moja Masharubu akamwamrisha azime mtambo, Grisi akatabasamu, akageuka akashughulikia mwingine, na jora zima la kitambaa likachanika. Ikaitishwa kamati ya nidhamu. Onyo lake la mwisho lilikuwa limeshatumika, na kilichobaki kilikuwa kufukuzwa. Grisi alikuwa na mke, watoto walio shuleni, na umri ambao hakuna kiwanda kingine kingemtazama mara mbili.

Wifi akaombwa aandae maoni yake kwa kamati. Akaanza kuuliza kwa nini, na kila mtu akawa na jibu.

"Hasikii yule," akasema Masharubu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mngemkata mshahara mapema, angenyooka."

Meneja naye akasema ni tabia, na tabia haina dawa. "Sikio la kufa, mama. Huyo hasikii."

Wafumaji wenzangu walidhani Grisi alikuwa akikitaka cheo kile alichopewa Masharubu, na kinyongo kinamla. Mkewe alipoitwa alilia. Alisema hata nyumbani siku hizi hasikii, anamsemesha na yeye anapita kama upepo. Akaeleza jinsi baba yake Grisi alivyokuwa mkali wa kupiga kwa mkanda, na jinsi Grisi alivyojifunza utotoni kutabasamu ili asiulizwe zaidi.

Hapo wifi akapata pa kushika. Nilimwona jioni ile anavyotembea sebuleni kwetu. Baba mkali, tabasamu la kujikinga, kisha anakuja msimamizi mwenye sauti ya baba! Alikaa na Grisi mara kadhaa, wakazungumza, na mambo ya mkanda yakathibitika yote. Ilikuwa hadithi iliyonyooka, hata mimi niliipenda.

Ila haikumtosha. "Kama ni kumwogopa baba," aliniambia, "angetii kupita kiasi, au angegoma kwa wakubwa wote. Mbona meneja akimwambia jambo analifanya? Mbona nikizungumza naye ofisini, ana kwa ana, hana shida yoyote?"

"Wifi, umeshapata jibu, pumzika."

"Nimepata jibu zuri. Sijapata jibu la kweli."

Jibu la kweli lilimkuta jikoni kwangu, na lilitokana na umbea. Mama mkwe alikuwa amekaa chumba cha pili, mlango wazi, nami nilikuwa na la kusema juu ya ule mchuzi alioupika. Nikamgeukia wifi nikalisema kwa midomo bila sauti. Kwetu wafumaji hilo ni jambo la kawaida. Ukumbini mitambo inapiga kelele hata ukipiga ukelele haufiki kwa jirani, kwa hiyo tunasemezana kwa midomo, na aliyezoea anakusoma kutoka upande wa pili wa ukumbi.

Wifi akanitazama mdomoni. "Unafanya nini?"

"Namsengenya mama yako."

"Hapana, huko kuongea bila sauti. Wote mnaongea hivyo? Na Grisi?"

"Grisi ndiye bingwa wetu. Ukisema neno mwisho wa ukumbi, yeye ameshacheka."

"Na Masharubu?"

Hapo nikakumbuka. Midomo ya Masharubu hakuna aliyewahi kuiona.

Wifi akakaa chini. "Siku zote hizi," akasema pole pole, "watu wote wananiambia hasikii. Msimamizi, meneja, mke. Nimeandika neno hilo kwa mkono wangu mwenyewe, hasikii, hasikii, nikadhani wananiambia hatii. Mimi, mwalimu wa saikolojia! Nimekosea, wifi. Nimeingia utotoni kwake na miguu yangu yote, na mlango ulikuwa masikioni."

Kuna wasomi ambao wangeing'ang'ania ile hadithi ya mkanda kwa kuwa wameshaifanyia kazi. Yeye aliiacha bila kujuta, asubuhi akamwita Grisi. Waliyozungumza sikuyajua, na nilipomuuliza kama nimebahatisha, alinijibu kwamba mwanga wa ofisini ni mdogo anahitaji balbu mpya. Ndiyo yake hiyo. Ya mtu hayatoki kwake hata ukimtekenya.

Lakini sikuwa mtoto. Nilimwona Grisi akitoka huku amekunja uso, akiniambia njiani, "Wifi yako ana maneno. Mimi nasikia vizuri sana. Watu wa siku hizi ndio wananong'ona." Nikaelewa. Akisema hasikii, anaogopa watamfukuza kwa uzee. Asiposema, watamfukuza kwa jeuri.

"Basi sema wewe kikaoni!" nilimfokea wifi nyumbani. "Mwite kwa nyuma mbele ya kamati, asipogeuka mambo yamekwisha."

"Nimfanyie mazingaombwe mbele ya wakubwa zake?" Macho yake yalikuwa mekundu, nikajua naye hajalala. "Wifi, mtu huyu tangu utotoni anajificha nyuma ya tabasamu lake. Nikimvua mimi, nitakuwa nimeokoa kazi na kumvunja mwenye kazi. Masikio ni yake. Nimemwambia ninayoyaona, nimemwambia nitakuwepo, na kamati nitawaomba wasubiri daktari kabla ya kuamua. Zaidi ya hapo ni yeye."

Nilimwita mwoga. Leo najiuliza ni wangapi wangeweza kulishika neno kinywani namna ile, mtu akiwa anakaribia kuzama.

Kikao kilifanyika chumba cha meneja. Mimi nilikuwemo kama mwakilishi wa wafumaji. Mke wa Grisi aliketi kwenye benchi nje ya mlango. Masharubu akaeleza ya jora. Wifi akasema kwamba kwa maoni yake hapa hakuna dharau, akaomba uchunguzi wa daktari kwanza. Meneja akapiga mwayo, akainamia karatasi zake, akauliza bila kuinua uso, "Mshitakiwa una la kujitetea?"

Grisi akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali.

"Si mnaona!" Masharubu akaruka. "Hata hapa anatucheka!"

Meneja akachukua kalamu. Nilikuwa tayari kupayuka. Wifi akanitangulia, lakini si kwa kusema. Alinyanyuka, akahamisha kiti chake, akakiweka mbele ya Grisi uso kwa uso. Kisha akafungua midomo bila sauti, kishamba, kama mfumaji wa siku ya kwanza, nami nikamsoma: *Wanauliza kama una la kusema. Chagua mwenyewe. Niko hapa.*

Tabasamu la Grisi likakatika. Alimtazama, akatutazama sisi mmoja mmoja, mdomo ukamcheza.

"Sisikii," akasema.

"Amekiri!" Masharubu akapiga meza. "Amekiri mwenyewe kwamba hasikii!"

"Sisikii kwa masikio," Grisi akasema, machozi yakamtoka. "Nasoma midomo. Yako siioni, bosi. Sijawahi kukudharau. Sijui hata sauti yako ikoje."

Masharubu akajishika juu ya mdomo kana kwamba amegundua leo kuna nini pale. Meneja akaiweka kalamu chini, akamgeukia wifi akauliza hospitali gani inapima masikio. Kesi ikafia hapo. Grisi alibaki kwenye mitambo yake, na wiki iliyofuata Masharubu alikuja kazini na mdomo wa juu ulionyolewa, laini kama wa mtoto, akasimama mbele ya Grisi akasema samahani taratibu, neno zima likaonekana. Tulimcheka, lakini tulimpenda kidogo.

Siku ile ya kikao, hata hivyo, kulikuwa na mtu mwingine ambaye maisha yake yalikuwa yakiamuliwa, na wifi peke yake ndiye aliyemkumbuka. Alitoka kabla ya Grisi, akaketi benchini karibu na mkewe, akamweleza, Grisi mwenyewe akiwa ameshamruhusu kwa kutikisa kichwa, safari hii akijua anakubali nini.

Mama yule alisikiliza hadi mwisho. "Mimi humsemesha nikiwa napika," akasema. "Nikiwa nimempa mgongo."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo matusi yangu yote hakuyasikia?"

"Hakuyasikia."

Akacheka kidogo huku analia. Kisha kicheko kikamwishia. "Na nilipomwambia nampenda? Nilimwambia, mama. Nilimwambia mara nyingi, hajanijibu hata moja."

Wifi yangu, mwenye maelezo ya kila jambo chini ya jua, akamwonyesha mlango kwa kidole. Grisi alikuwa ametokea mlangoni. Mkewe akainuka, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akaugeuza uso wake kwenye mwanga, akaanza kumwambia upya.