Mkeka wa Rangi ya Leta

Harufu ya muhogo uliolowekwa hadi ukachacha bado hunikausha mate, na sababu yake ni polisi. Nilizaliwa Kasongo wakati wa Wabelgiji. Kiangazi kile baba alikuwa akipaka rangi milango ya ofisi ya Leta, ndivyo tulivyoiita serikali, na jioni alirudi na masalio ya chini ya mikebe, ameyafunga katika jani la mgomba. Kuchukua hata masalio kulihesabiwa wizi, na aliyeiibia Leta alichapwa fimbo mbele ya watu. Lakini mama alikuwa haambiliki. Alipaka mawese kwenye kipande cha kioo, akamimina rangi juu yake, akaiacha kivulini ikauke, kisha akaibandua kama ngozi, akaikata vipande vyembamba kwa wembe na kuvisuka kama ukili. Hakufundishwa na mtu. Baba alinung'unika, na kesho yake akaleta tena.

Asubuhi moja mama alikuwa ametandaza kazi yake kubwa kuliko zote, mkeka wa buluu na nyeupe, rangi haijakauka sawasawa, tukasikia buti uani. Mama alifunua chungu cha muhogo ili uvundo umeze harufu ya rangi, akaiburuta kazi yake hadi pembeni penye kiza, akafungua mlango. Polisi aliingia akitupa macho chini ya kitanda.

"Mama, watu wanasema rangi ya Leta iko hapa."

"Karibu kwanza, baba. Mugeni hasimami mu nyumba ya watu. Kaa mu mukeka."

Akakaa juu yake! Mama alimpa kahawa kwa mikono miwili. Polisi alikunja pua kwa ule uvundo, akanywa polepole, akatazama kila kona isipokuwa alipokalia. Mimi akilini nilikwisha kumwona baba amelazwa kifudifudi mbele ya ofisi. Alipoinuka, mkeka ulimfuata. Mama akaukanyaga pembeni, ukabanduka kwa sauti. Polisi alijipapasa nyuma, akakitazama kiganja chake. Kilikuwa safi.

"Mukeka hii iko mubichi, mama?"

"Nilisafisha leo asubuhi, baba."

Akaenda zake.

Siku hizi rangi ziko tele dukani, na wajukuu wangu wanazimwaga wapendavyo. Mkeka ule uko ukutani kwangu, na katikati yake zimebaki alama mbili za mviringo, uzi wa kaptura ya kaki umejichapa humo vizuri kabisa. Mama alizitazama sana alama zile, na tangu hapo akawa anakandamiza nguo kwenye rangi mbichi kwa makusudi. Kazi zake zote hadi uzeeni zina chapa hiyo. Vijana wanaochora huniuliza alijifunza wapi ufundi ule. Nikiwajibu kwamba alifundishwa na makalio ya polisi, wanacheka hadi machozi. Mimi sicheki. Jioni ile baba alirudi na mgongo mzima, akamkuta mama ameketi sakafuni tangu polisi alipoondoka.