Mikono Iliyofungua Filamu

Roho ilinichafuka kabla filamu haijaanza. Zilikuwa zinapita picha za mwanzo tu, zile zinazoleta jina la filamu na majina ya walioitengeneza, nami tayari nilikuwa nimesogeza kiti nyuma kana kwamba mtu ametapika mezani.

Ninafundisha uchoraji katika shule moja ya sekondari hapa Kindu. Ndiyo maana yule bwana wa filamu, kijana mpole kutoka Kinshasa, alikuja darasani kwangu mchana, wanafunzi walipokwisha kutawanyika, akafungua kompyuta yake juu ya meza. Alikuwa ametengeneza filamu ya michoro inayotembea kuhusu mji wetu wakati wa vita, na Jumamosi angeionyesha kwenye ukumbi wa komini, serikali yetu ya mtaa. Alitaka nisimame mbele ya watu niwaeleze uzuri wa ule mwanzo: rangi zake, herufi zake, jinsi kitu kimoja kinavyogeuka kingine. "Madamu, wewe una jicho," aliniambia kwa Kifaransa. Jicho ninalo. Basi nikatazama.

Kioo ni cheusi. Mikono miwili inapanda kutoka chini, imemulikwa na mwanga wa rangi ya chungwa. Ni mikono laini kama ndizi iliyomenywa, vidole virefu, kucha za kupendeza, bangili za shaba. Mikono inafunguka, na ndani yake mna chumvi, nyeupe pe. Kisha punje zinapaa. Zinapanda polepole, zinakuwa nyota, nyota zinatanda juu ya mto wa buluu, na kutoka kwenye nyota zinashuka herufi za jina la filamu, moja moja, kila moja na pigo lake la ngoma. Herufi zenyewe ni nene, zimetafunwa pembeni, utadhani zimechongwa kwa panga na mtu mwenye haraka zake. Nazijua hizo. Mtu wa mbali akitaka kuandika Afrika huandika kwa herufi hizo, kwenye pakiti za kahawa na milango ya hoteli. Sisi hapa vibao vyetu tunaviandika kwa rula, na herufi ikipinda tunafuta.

Nikiri kwamba kazi ilikuwa safi. Pale punje zinapogeuka nyota huoni mshono, macho yanakwenda tu yenyewe. Hapo ndipo kinyaa kiliponizidi.

Niseme chumvi ya vita ilikuwaje, nisije nikaonekana mtu wa kununa bila sababu. Treni ya kusini ilikuwa imekufa, barabara ya Lubutu haipitiki, na mto ulikuwa na wenyewe, wenye bunduki. Chumvi ya dukani ikawa hadithi. Wanawake walishuka kando ya maji kuvuna magugu, wakayaanika juu ya mapaa, wakayachoma, kisha wakayamwagia maji yale majivu. Kilichochuruzika kilikuwa na rangi ya chai iliyolala, kikinuka bwawa. Kilikuwa kichungu, kilikwaruza koo, na tumbo langu la mtoto lilikikataa katakata. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, iliyotiwa uchafu ule ilirudi kwa njia ileile iliyoingilia. Hadi leo nikipita karibu na jalala linaloungua baada ya mvua, mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Mama yangu ndiye aliyekuwa fundi wa chumvi ile mtaani kwetu. Hakuwa na chujio. Aliyafunga majivu ndani ya kitambaa akayakamua kwa mikono mitupu kutwa nzima, na maji yale yanakula. Yalimla ngozi ya viganja, yakamla kucha. Zilizoota tena ziliota zimepinda, nyingine hazikuota kabisa. Na kwa kuwa haikuwapo ya kutosha kugawana kwa kijiko, ikazuka desturi pale uani. Jirani alikuja na sufuria yake ya mboga, mama akachovya vidole ndani ya maji ya chumvi, akayadondosha juu ya mboga ile. Kisha sufuria ya mwingine, na ya mwingine. Mtaa mzima ulikula kutoka vidoleni mwa mama, navyo vimechunika vyekundu. Mimi nilikuwa nikigeuza uso. Wao walishukuru, na kesho yake walirudi.

Kwa hiyo yule kijana alipokuja mwaka uliopita kutafuta habari za vita, watu wote walimwelekeza kwa mama. Alishinda uani kwetu akiipiga picha mikono yake ikimwonyesha kazi ile ya zamani: ikikamua, ikichovya, ikidondosha. Wakati wa kuaga akamwambia, "Mama, mikono yako ndiyo itafungua filamu." Tangu hapo mama hakuwa na neno lingine. Sokoni, msikitini, hata kwenye matanga ya watu, habari ilikuwa hiyo. Wale wanawake wa sufuria waliobaki hai, akawaalika mmoja mmoja. Mama yangu hajawahi kusifiwa kwa jambo lolote, hata na marehemu mumewe. Jumamosi ile ndiyo ilikuwa sifa yake.

"Na mikono ya mama yangu iko wapi?" nilimwuliza kijana.

"Ni hiyo, madamu."

Alipoona ninavyomtazama, akanifungulia michoro yao ya kwanza. Lo! Hiyo ndiyo ilikuwa yenyewe. Kila kucha na upande wake, kiganja chenye mabaka, rangi ya majivu matupu bila chungwa wala bangili, na tone zito linaanguka ndani ya sufuria. Ilikuwa kazi nzuri kuliko yote iliyokuwa ndani ya kompyuta ile.

"Tuliwaonyesha watu kule ng'ambo," alisema. "Wakaona kinyaa. Mwanzo wa filamu ni kama mlango, madamu, lazima ukaribishe."

Nilimwambia kinyaa ninacho mimi, tena cha kumwaga. Nikamwambia chumvi haipai; kitu chenye uzito kinaanguka, hilo nawafundisha watoto wa mwaka wa kwanza. Nikamwuliza ni vita vya nani hivyo vinavyokaribisha wageni kwa bangili. Akasema filamu imekwisha, imepelekwa, haibadiliki tena. Nikamjibu kwamba asinitegemee kusimama mbele ya mtu kusifu kitu. Aliifunga kompyuta taratibu, akaniaga kwa heshima, na heshima yake nayo ikanikera.

Nyumbani nilimkuta mama anapiga pasi kitenge chake cha Jumamosi.

"Mama, ile mikono wamebadilisha."

"Wamebadilisha namna gani? Mikono njo mikono."

"Wameifanya ya msichana. Haifanane na yako."

Alicheka. "Weye mutoto, tangu zamani unapenda kuona mubaya tu. Ule muntu alikaa hapa, aliona na macho yake."

Ningemwambiaje zaidi? Kwamba watu wa mbali waliiona wakageuza uso?

Jumamosi madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa maturubai, na wanawake aliowaalika mama wakakaa naye benchi la mbele. Mimi nilikaa nyuma yao. Mikono ya chungwa ikapanda kutoka chini. Jirani yetu wa zamani akainama sikioni kwa mama kuuliza kama ndiyo hiyo.

"Njo ile?"

"Hapana. Ile ya mutoto wa nani, sijui. Yangu iko inakuja."

Wakangoja. Kila mkono ulipotokea, wa askari, wa mtoto, wa mganga, yule jirani alimtazama mama, na mama akatikisa kichwa. Filamu ilikwisha, majina yakapita, maturubai yakaondolewa, mwanga ukaingia. Hawakuinuka.

Kijana akaja akainama mbele ya mama, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mama, umeona? Mikono yako njo ilifungua."

Mama aliiangalia mikono yake mbele ya watu wote, viganja kwanza, halafu migongo.

"Ile ya mwanzo njo yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na hii?"

Mama akaiingiza mikono ndani ya kitenge. Wanawake wakaanza kuinuka kumuaga, wakimnyooshea mikono mmoja baada ya mwingine, naye akawaitikia kwa kichwa. Yake hakuitoa.