Gia ya Pili ya Mwalimu

Kwa miaka ishirini na mbili Mwalimu alifundisha watu udereva, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akisema gari lina kosa. "Hakuna giaboksi mbovu," alikuwa akisema, "kuna mkono mbovu." Alikaa kiti cha abiria, begi la ngozi mapajani, karatasi ya maksi juu ya begi, miguu kwenye zile pedali za ziada za upande wa mwalimu, na gia ikikwaruza tu, yeye anaandika. Haongei. Anaandika. Nawaambia, ile kalamu iliuma kuliko kofi.

Mimi alinifelisha mara tatu, zote kwa kosa moja: gia ya pili. Gari la shule lilikuwa dogo na limechoka, na ukilitoa ya kwanza kwenda ya pili asubuhi, meno yalisagana hadi watu waliosimama kituoni wakageuka. Maksi zangu za kubadilisha gia: mbili kwa kumi. Nikarudi nyumbani nauangalia huu mkono wangu kana kwamba nimeazimwa. Ndipo nikaenda kujifunza ufundi wa giaboksi, kwa hasira tu, si kwa kupenda grisi. Nilitaka kumjua mwenye kosa.

Nikamjua. Shule ilipolitupa lile gari kwenye vyuma chakavu, niliinunua giaboksi yake, nikaifungua mezani kwangu. Mle ndani kila gia ina pete yake ya shaba, na kazi ya pete ni kusawazisha mwendo wa meno kabla hayajakutana. Pete ya gia ya pili ilikuwa imelika, laini kama pete ya ndoa ya bibi kizee. Nikaitundika kwenye msumari juu ya meza ya kazi, na hapo imekaa miaka tisa. Sikumpelekea Mwalimu. Nilikuwa namngojea.

Basi Mwalimu akastaafu, akatangaza kwamba sasa ananunua gari lake mwenyewe, la kwanza maishani. Tena si gari la kubebea unga. Spoti! Jekundu, milango miwili, viti viwili, gia za mkono. Mtu aliyetukata maksi tukifika kilomita arobaini kwa saa! Nilimwendea kwa heshima zote, nikamwambia asiende kulikagua peke yake. Spoti iliyotumika huwa imeteswa na watu wasio na huruma, na giaboksi yake ndiyo inayolipia. Aje anichukue, nikaisikilize ikiwa bado ya baridi. Akaniangalia kwa upole ule wa kuudhi.

"Binti, wewe nilikufelisha kwa gia," akasema. "Leo ndiyo ukanikagulie gia?"

Akaenda peke yake. Ya huko alinisimulia mwenyewe, kifua mbele, na ndiyo yaliyoniua.

Muuzaji alikuwa dereva mstaafu wa malori, mzee wa maneno matamu. Mwalimu alipofika alikuta injini inanguruma na boneti la moto kama pasi. Fundi yeyote angesema tuzime, tungoje, maana giaboksi inayoumwa hujificha ikishapata joto. Mwalimu yeye akafurahi kumpata mtu wa maandalizi. Kisha, na hapa nilimwomba arudie, akalizunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akaketi. Mazoea hayo. Akaweka begi mapajani, akatoa karatasi ya maksi, akamwambia mwenye gari awashe indiketa, waondoke.

Mkono wa gia hakuugusa hata mara moja. Alimkagua dereva! Na yule mzee ametokea kwenye malori ya zamani yasiyo na hizo pete, yale ya kukanyaga klachi mara mbili na kuupima mlio wa injini kwa sikio ndipo gia ikubali kuingia. Mtu wa namna hiyo, giaboksi iliyokufa kwake ni nzima. Akaipitisha ya pili bila hata kikohozi. Mwalimu anasema machozi yalimlengalenga. Akampa kumi kwa kumi, akatia sahihi, akamkabidhi karatasi yake pamoja na fedha yake ya uzeeni. Mzee naye akamvika kilemba cha ukoka, kwamba tangu azaliwe hajakaguliwa na bingwa kama huyu. Na kwa uungwana wake akaandika kwamba giaboksi ikionekana mbovu ndani ya siku saba, atalichukua gari lake na kurudisha fedha zote. Sharti ni moja: Mwalimu mwenyewe athibitishe kwa sahihi kuwa kosa ni la giaboksi, si la mkono wa dereva.

Jamani. Yule mzee alikuwa ameshaulizia habari za Mwalimu mtaani.

Siku ya sita, asubuhi, niliisikia spoti kabla sijaiona. Kinyozi jirani yangu alikuwa ameshaniambia kwamba wiki hiyo hahitaji saa, mlio huo wa kila asubuhi unamtosha. Mwalimu akashuka, shati limelowa jasho. Upande wa pili akashuka mkewe, mama mmoja mpole ambaye sote tunamwita Mama Cherehani, kwa sababu ana kibanda cha kushona mwisho wa barabara ya soko. Kutoka kwao ni mwendo wa nusu saa, naye huenda kwa miguu. Anakwenda kwa miguu kwa kuwa Mwalimu alimfundisha udereva mwaka mmoja kabla yangu, kwenye gari lile lile la shule, akamfelisha mara tano. Mke wake wa ndoa! Mara ya tano alimwambia mkono wake ni wa sindano, si wa gia, na kutembea atazoea. Hayo mama alinisimulia siku alipokuwa akinipima ovaroli, bila chuki, pini tatu mdomoni.

Nikawaambia tungoje gari lipoe. Tukangoja saa mbili nzima. Kisha nikaingia upande wa usukani, na Mwalimu, bila kuambiwa, akaketi kwa abiria. Nikatoka na ya kwanza, nikaingiza ya pili. Krrr. Naapa, vidole vyake vilikwenda mfukoni kutafuta kalamu. Nikajaribu polepole, nikajaribu haraka, nikakanyaga klachi hadi chini kabisa aone kwa macho yake. Krrr. Mwisho nikafanya kama madereva wa malori, klachi mara mbili, sikio kwenye injini. Ikaingia kimya.

"Huu ndio ujanja ulioupa kumi kwa kumi," nikamwambia.

Tuliporudi gereji niliichomoa ile pete kwenye msumari, nikamwekea kiganjani. Nikamweleza kuwa hiyo ni ya gari la shule, na iliyomo kwenye spoti yake ni pacha wake. Mama Cherehani akasogea, akaichukua kiganjani mwa mumewe, akaipitisha kidole kama anayekagua kifungo cha shati la mteja.

Nikaandika barua, mstari mmoja: gia ya pili inakwaruza kwa ubovu wa giaboksi, si kwa mkono wa dereva. Nikatia sahihi yangu kama fundi. Ilibaki ya Mwalimu, na kesho yake angelirudisha gari, fedha ya uzeeni ikasalimika.

"Tia sahihi, Mwalimu," mkewe akamwambia. Hata nyumbani humwita hivyo.

Akaisoma. Akaisoma tena. Akatoa kalamu, ile ile. Na hapo nikaona kwamba si mstari mmoja anaotakiwa kuutilia sahihi. Pale anawatilia wote aliowafelisha, na mmoja wao amesimama mbele yake na pete mkononi. Niliamka siku hiyo na nia ya kumcheka, Mungu anisamehe. Lakini pale nilimwombea atie sahihi, wala si kwa ajili ya gari. Kwa ajili ya huu mkono wangu.

Akakirudisha kifuniko cha kalamu. Barua akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nitazoea," akasema. "Ni mkono tu."

Mama Cherehani akanirudishia pete yangu. Akachukua mkoba wake kwenye kiti cha gari, akaufunga mlango taratibu.

"Utazoea," akamwambia mumewe. "Mimi nilizoea kutembea."

Akashika njia ya soko. Mwalimu akaukimbilia mlango wa abiria, akakumbuka, akazunguka upande wa pili. Gia ya pili hakuthubutu kuigusa mbele yetu, na ya tatu barabara ile haina nafasi. Kinyozi akatoka nje na mashine yake mkononi. Tukawatazama hadi kwenye kona: mama mbele, hageuki, na spoti jekundu nyuma yake kwa mwendo wa miguu, injini inapiga mayowe, kwenye gia ya kwanza.