Dawa Iliyotemwa

Miaka hiyo Voi kila mtu alitaka sindano. Ile ya buba ilikuwa imefika karibuni, watu wakaona kwa macho yao vidonda sugu vikikauka, basi ukimpa mtu dawa ya kumeza anakutazama kama umempunja. Mimi sikuwa hivyo. Mume wangu alifanya kazi kwenye reli, na nilishaiona kwinini ikimwinua kitandani. Binti yetu wa pekee alipopata homa, nilikwenda moja kwa moja zahanati, kwa mtoa dawa.

Alikuwa mzee wa pwani, kofia safi, maneno machache. Akaniambia siku hizi kwinini ya watoto wanaichanganya na maji kwenye chupa, maana ule unga wanautapika. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, mpaka chupa iishe. "Hata akichangamka, mama, usiache," alisema.

Mume wangu akaamua mtoto apelekwe Werugha, kwa nyanya yake, mama mkwe wangu. Sisi Wadawida homa ya tambarare tulikuwa tunaipandisha mlimani ipate baridi. Yeye akabaki kazini, mimi nikambeba mtoto mgongoni, chupa nikaifunga ndani ya leso.

Alichangamka kweli. Aliomba viazi, akacheka na nyanya yake. Nami nikamweleza mama mkwe habari ya kijiko na habari ya kumaliza chupa, kisha nikashuka mtoni kuteka maji.

Kwetu mtu akiugua, swali la kwanza ni nani amemkasirikia, yeye au wazazi wake. Hasira ya ndugu, hata aliyoificha moyoni, inaweza kumlaza mtoto. Kwa hiyo ndugu hukusanyika, kila mmoja anachukua funda la maji au pombe ya miwa, analitema kwa kulipuliza mbele ya mgonjwa na kusema moyo wake sasa ni mweupe. Ndiyo kutasa. Nimekulia ndani yake na siidharau.

Niliporudi niliwakuta wameketi kumzunguka mtoto, sakafu imelowa, na chupa yangu iko tupu miguuni pa mama mkwe. Walikuwa na furaha. Hata shemeji yangu mkubwa, ambaye hakuwa amesema na mume wangu tangu wagombanie shamba, alikuwa ametema.

"Tumetumia ile chungu," mama mkwe akaniambia. "Maji matupu yangeondoa nini? Na mwenye dawa si alisema chupa iishe? Imeisha, mwanangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mkwe hafokewi. Niliketi nikamshika mtoto, amelowa kwinini kichwani, usoni, kila mahali isipokuwa tumboni.

Homa ikarudi na nguvu mpya. Nikamwacha kwa nyanya yake, maana jua la njiani lingemmaliza, nikashuka Voi peke yangu. Mtoa dawa aliposikia alivua kofia akaiweka mezani.

"Miaka yote hii nawaambia watu wameze," akasema. "Sijamuuliza hata mmoja dawa ikifika nyumbani inafanywaje."

Akachanganya chupa mbili. Moja kwinini. Ya pili maji, sukari na rangi kidogo. "Hii ya mtoto. Hii nyingine wape wazee, wateme wanavyopenda." Nikalia pale pale mbele ya wagonjwa wengine. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kilichonifaa namna ile, wala kilichochelewa namna ile, ingawa hilo la pili sikulijua bado.

Miguu iliniishia njiani, Mraru, nikalazimika kulala huko kwa watu. Kesho yake nilipofika Werugha, wanawake walikuwa wameketi nje, na hakuna jiko lililowashwa. Walikuwa wameshamzika. Sikuliona hata shimo likiwa wazi. Nikaziweka chupa chini, na hakuna aliyeniuliza ni za nini.

Mama mkwe alikuja akapiga magoti mbele yangu, macho yamevimba. Alimpenda yule mtoto, hilo silikatai, na ndilo linaloniua mpaka leo, kwamba sina hata mtu mbaya wa kumchukia. Alishika kibuyu cha pombe ya miwa.

"Sisi sote tulitema," akasema. "Wewe ulikuwa mtoni. Hasira iliyobaki ni yako, mwanangu. Itoe, isije ikatumalizia na wengine."

Ukoo mzima ulinitazama, watoto wa shemeji yangu wamejificha nyuma ya mama yao, wananiogopa. Nikapokea kibuyu, nikajaza kinywa. Mama mkwe akanisogezea kichwa chake nimpulizie.

Nikameza.